Tuna watoto wengi kwa sababu ni masikini, au ni masikini kwa sababu tuna watoto wengi?

#1 FundiPindo
Wakuu habari. Mimi fundi cherehani, kibanda kipo Mbagala, na Januari ndiyo msimu wangu wa mavuno kwa ajili ya sare za shule. Jumamosi asubuhi kaja mama na watoto saba. Nikawapanga kwa urefu kama ngazi, nikaanza kupima: bega, kifua, kiuno, urefu wa sketi. Nilipofika kwa wa tano akaniuliza, "Fundi, mpaka hapo shilingi ngapi?" Nikamwambia wanne elfu themanini na nane, huyu akiingia inakuwa laki na kumi. Akafungua fundo la khanga, akahesabu, akafunga. "Basi ishia kwa hao wanne. Hawa wengine watarithi."

Yule wa tano alikuwa keshanyoosha mikono. Ikabidi nimwambie aishushe.

Tangu siku hiyo sina raha. Swali langu: umasikini wetu unatokana na kuzaa bila hesabu, au tunazaa hivyo kwa sababu ya umasikini? Wajuzi mnisaidie, matusi sitaki.

#2 NgedereWaPosta
Mtoto huja na sahani yake. Tatizo lenu mnataka kila sahani iwe na kuku.

#3 HesabuZaMtaa
Ngedere, sahani anakuja nayo kweli, ila inakuja tupu.

Tuweke namba mezani. Sensa ya 1967 Watanzania tulikuwa milioni 12.3. Sensa ya 2012, milioni 44.9. Ya 2022, milioni 61.7. Kati ya sensa hizo mbili za mwisho tumeongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka, na kwa mwendo huo idadi inakuwa mara mbili kila baada ya miaka 22 hivi. Maana yake mtoto aliyezaliwa siku ya sensa, akimaliza chuo, nchi itahitaji madawati mara mbili, vitanda vya wazazi mara mbili, visima mara mbili. Ukijenga shule mpya pembeni ya kila shule iliyopo, hujasogea hata hatua. Umebaki ulipokuwa.

Jibu langu kwa fundi: kuzaa kunaleta umasikini. Nimemaliza.

#4 KondaMstaarabu
Hesabu umeua. Dar sasa hivi tuko milioni saba na wote wanapanda gari langu. Watu wa mjini wanazaa kama hawana kazi nyingine.

#5 HesabuZaMtaa
Konda, asante kwa kuniunga mkono lakini umekosea kote kuwili. Sensa ya 2022 iliikuta Dar na watu milioni 5.38, na ongezeko lake ni asilimia 2.1 kwa mwaka, chini ya wastani wa taifa. Muongo wa nyuma yake ndio ilikuwa inakimbia, asilimia 5.6. Na utafiti wa afya wa 2022 unaonyesha mwanamke wa mjini ana wastani wa watoto 3.6, wa kijijini 5.5. Wanaokujazia gari wengi wamekuja na mabegi, hawajazaliwa hospitali ya Amana. Na wengine wameshahamia Vikindu na Kibaha, wanahesabiwa mkoa wa Pwani lakini asubuhi wako kwenye ngazi yako.

#6 KondaMstaarabu
Sawa profesa. Njoo Gongo la Mboto saa kumi na mbili asubuhi uniambie hiyo 2.1 imesimama wapi.

#7 MwanaZuoni_Chang'ombe
Hoja hii ni ya zamani. Mchungaji mmoja Mwingereza, Malthus, aliandika mwaka 1798 kwamba watu huongezeka kwa kuzidisha, chakula huongezeka kwa kujumlisha, kwa hiyo njaa na maradhi vitakuja kusawazisha. HesabuZaMtaa anarudia kitu kilekile kwa kalamu ya sasa.

#8 Mpiga_Kasia
Na Malthus alishindwa kwao kwenyewe! Uingereza na Wales mwaka 1801 walikuwa milioni 9 tu. Wakaongezeka mara kadhaa, na ndipo wakatajirika. Watu wakikimbilia kumtetea husema Ireland, njaa ya viazi ya 1845 na kuendelea, watu kama milioni moja wakafa. Sasa soma vizuri: viazi vilioza, ila nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza. Chakula kilikuwepo. Mwenye njaa hakuwa na hela, na ardhi ilikuwa ya mwingine.

#9 HesabuZaMtaa
Mpiga Kasia, Waingereza waliozidi walipata pa kwenda: Amerika, Australia, hadi huku kwetu wakachukua mashamba. Wewe vijana wetu utawapeleka wapi? Mwezini?

#10 NgedereWaPosta
Kigamboni bado kuna viwanja.

#11 MkaraAsilia
Mtakubali tuwatoe mjini kidogo? Mimi kwetu Ukara, kale kakisiwa karibu na Ukerewe. Tumebanana pale tangu babu wa babu. Wageni walikuja kushangaa zamani sana, wakaandika mpaka vitabu: ng'ombe anafungwa ndani kwenye shimo, analetewa majani, samadi inakusanywa inapelekwa shambani, mteremko umewekewa matuta ya mawe, hakuna kipande kinacholala. Ng'ambo ya maji kwenye ardhi tele, watu walikuwa wanalima wanaacha, wanahama. Hakuna aliyetufundisha. Kubanana ndiko kulikotufundisha.

Kuna mama wa Kidenmaki, Ester Boserup, mwaka 1965 aliandika hivyohivyo: watu wakizidi, kilimo hubadilika. Ungemwuliza bibi yangu angemwambia bure.

#12 KihambaChembamba
Mkara, salamu toka Marangu kupitia Kimara. Hata sisi tulibanana tukapata akili: migomba juu, kahawa chini, mifereji, mbuzi ndani. Lakini akili ina mwisho wake. Babu alikuwa na kihamba cha ekari tatu. Akagawia wanawe wa kiume wanne. Baba akapata robo tatu ya ekari, akatuzaa wa kiume watatu. Mimi changu ni robo ekari, na humo kuna makaburi mawili na choo. Nikichukua jembe nikageuka namgonga kaka yangu.

Ndiyo maana niko Kimara nauza vipuri. Boserup atanisamehe.

#13 MkaraAsilia
😂😂 Sawa, lakini si umeenda mjini ukawa na duka? Hilo nalo ni badiliko.

#14 KihambaChembamba
Duka lina mkopo. Usilitaje kwa sauti.

#15 NesiMstaafu
Wanangu, hamjambo. Nimekaa kliniki za uzazi wa mpango miaka thelathini na moja, za mwisho Temeke. Nasoma wanaume mnabishana kuhusu Uingereza, wakati anayebeba mimba hajaulizwa hata na mmoja.

Nilikuwa na droo ya chini kwenye meza yangu. Humo niliweka kadi za wanawake wasiotaka kadi zionekane nyumbani. Wengi walichagua sindano ya miezi mitatu kwa sababu haiachi kitu mwilini. Kijiti mume akishika mkono anakigusa. Alikuwepo mmoja akija na kikapu cha nyanya, akiulizwa alitoka sokoni. Miaka sita alinunua nyanya kila baada ya miezi mitatu kwa mwuza nyanya pale getini. Siku moja amekuja tukamwambia sindano zimeisha, aje wiki ijayo. Wiki ijayo nazo hazikuwepo. Alirudi baada ya miezi minne, safari hii kwenye dirisha la wajawazito. Alikaa kwenye benchi, hakusema neno.

Kwa hiyo fundi, yule mama usimhukumu kwa ngazi ya watoto. Utafiti wa 2022 unasema karibu mwanamke mmoja kati ya watano walio kwenye ndoa anataka kupumzika au kuacha kuzaa na hatumii njia yoyote. Wanaotumia njia za kisasa ni asilimia 31. Wengine hawataki, hilo ni lao. Wengine wamekatazwa.

Na lingine. Mwaka 2004/05, kati ya watoto elfu moja wanaozaliwa, 112 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa 2022 wamekuwa 43. Mwanamke wangu wa miaka ya themanini alizaa saba ili abaki na watano. Hakuwa mjinga, alikuwa na hesabu kuliko HesabuZaMtaa. Watoto wameacha kufa haraka, tabia ya kuzaa inafuata nyuma kwa mwendo wa konokono. Katikati hapo ndipo sensa inapofura.

#16 FundiPindo
Mama shikamoo. Umenipiga.

#17 NesiMstaafu
Marahaba. Sijakupiga, nimekupima mabega.

#18 HesabuZaMtaa
Mama shikamoo na mimi. Hapo nakubali nusu. Lakini viongozi nao? Mwaka 2018 kule Meatu, hayati Magufuli aliwaambia watu waachane na uzazi wa mpango, kwamba wanaoutumia ni wavivu wa kulisha watoto. Mtu akisikia hivyo kutoka juu, mwenye droo kama yako anafanyaje?

#19 Mzalendo_Kigogo
Na hakukosea! Nchi hii serikali inasema ina hekta milioni 44 zinazofaa kulima. Tuko watu kama 70 kwa kilomita ya mraba, Rwanda wamepita 500, Uholanzi nao wamepita 500 na wanatuuzia mbegu za maua. Ujazo wa watu siyo umasikini. Kuna watu Ulaya wanatafuta watoto kwa hela na hawapati.

#20 Abuu_Temeke
Nyongeza ndogo kwa upande wa dini maana naona Ngedere ameanza na sahani. Riziki ni ya Mwenyezi Mungu, sawa. Lakini masahaba walifanya azli (kumwaga nje) na Mtume (s.a.w.) hakuwakataza. Kupanga siyo kukufuru riziki. Mimi nina wanne, tumeachanisha miaka mitatu mitatu, na imamu wangu anajua.

#21 NgedereWaPosta
Abuu, wanne kwa mke mmoja au jumla kuu?

#22 Abuu_Temeke
Swali linalofuata.

#23 MtotoWaSaba
Mnaosema watoto wengi ni umasikini, mimi ni wa saba kati ya tisa, Newala. Baba mkulima wa korosho. Kaka mkubwa alipopata kazi bandarini alimsomesha wa tatu, wa tatu akamsomesha wa tano na wa sita, wao wakanisomesha mimi. Leo nina digrii. Wazazi hawana pensheni, sisi ndio pensheni: kila mwezi sote tisa tunachanga kwenye kundi la simu. Wangeishia watatu nisingekuwepo hapa kubishana nanyi.

#24 Dada_Kivule
Kaka, hongera. Ila nimehesabu: wa kwanza, wa tatu, wa tano, wa sita, wa saba. Wa pili na wa nne wako wapi?

#25 MtotoWaSaba
Wa pili na wa nne ni wasichana. Waliishia darasa la saba. Dada wa nne ndiye aliyekuja Dar kufanya kazi za ndani, hela yake ya kwanza ndiyo ilininunulia viatu vya kidato cha kwanza.

Sikuwahi kuiandika hivi.

#26 Dada_Kivule
Basi na yeye mwandike kwenye orodha ya waliokusomesha.

#27 Mpiga_Kasia
Hapo Dada Kivule amegusa jambo. Angalieni Bangladesh. Ilipopata uhuru mwaka 1971 ilikuwa ndiyo mfano wa nchi iliyojaa na iliyokata tamaa, mwanamke karibu watoto saba. Leo ni wawili na kidogo. Hawakusubiri kutajirika kwanza. Wahudumu wanawake walipita nyumba kwa nyumba na vidonge, yaani droo ya mama nesi ilitembea. Wasichana wakaenda shule, baadaye viwanda vya nguo vikawachukua kwa maelfu. Fundi, ni wenzako wa cherehani hao.

#28 FundiPindo
Wao wanashonea Ulaya, mimi nashonea shule ya msingi.

#29 Kijana_wa_Kariakoo
Mnazunguka. Uchina walipiga marufuku mtoto wa pili, wakatajirika. Mambo kwisha.

#30 HesabuZaMtaa
Kijana, hapana. Na mimi ndiye mtu wa namba humu, kwa hiyo nisikilize kwa makini ninapojipinga. Sheria ya mtoto mmoja ilianza karibu mwaka 1980. Kabla yake, miaka ya sabini, wastani ulikuwa umeshashuka kutoka karibu sita hadi chini ya watatu, kwa kampeni ya kuchelewa kuoa na kuachanisha watoto. Sheria ilikuta kazi kubwa imeshafanyika, ikaongeza mimba za kutolewa kwa nguvu na mabinti wasiotakiwa. 2021 wameruhusu hadi watatu, na watu hawataki. Korea Kusini nao walitoka sita mwaka 1960, 2023 walikuwa 0.72, serikali inawabembeleza.

#31 NgedereWaPosta
Sifuri nukta saba mbili ni mtoto mwenye miguu au asiye na miguu?

#32 MwalimuZamu
Nachangia kutoka darasani. Nafundisha shule ya serikali pembezoni mwa jiji, jina nalihifadhi. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 walikuja mpaka tukaishiwa chaki. Darasa langu la tatu lina watoto 143. Tunawaingiza kwa zamu, wengine asubuhi, wengine mchana. Dawati la watatu wanakaa watano, wa pembeni anaandika akiwa nusu hewani, ameshikwa mkono na mwenzake asidondoke. Daftari nasahihisha safu moja kwa siku, kwa hiyo mtoto wa safu ya mwisho akikosea Jumatatu anajua wiki inayofuata, keshakosea mara tano.

Nimefundisha miaka kumi na tisa, na hapa naona HesabuZaMtaa ana haki yake. Siyo kwamba hao 143 ni mzigo. Lakini kila mwaka wanakuja wengi kuliko waliotoka, na chumba kipya kikikamilika kinakuta wenyewe wameshafika.

#33 Mzalendo_Kigogo
Mwalimu, hilo ni tatizo la vyumba, siyo la watoto.

#34 MwalimuZamu
Kaka, ukiwa mbele ya ubao saa saba mchana na bati linawaka, hivyo vitu viwili huvitofautishi.

#35 MachoManne_Mikocheni
Niongeze kitu ambacho hakijasemwa. Utafiti wa bajeti ya kaya: mwaka 2007 walio chini ya mstari wa umasikini walikuwa asilimia 34.4. Mwaka 2017/18 wakawa 26.4. Asilimia imeshuka, hongera. Sasa chukua hiyo 26.4 uizidishe kwa watu waliokuwepo 2018: unapata kama milioni 14. Fanya hivyo kwa 2007, unapata milioni 13. Kwa hiyo waziri akisema umasikini umepungua hadanganyi, na bibi wa kijijini akisema masikini ni wengi kuliko zamani naye hadanganyi.

Ila kabla Hesabu hajashangilia: katika miaka hiyohiyo tuliona maghorofa Masaki na Julai 2020 tukaitwa nchi ya kipato cha kati cha chini. Hela ilipatikana. Ilikwenda wapi? Hilo halina uhusiano na kitanda cha mtu.

#36 HesabuZaMtaa
Sishangilii. Nimekaa chini.

#37 Dada_Kivule
Mimi mnisamehe nirudi kwa mtu wa kawaida. Nakaa chumba kimoja, elfu sabini kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita mkupuo. Nina watoto wawili na nimeishia hapo. Siyo kwa sababu ya Malthus wala semina. Pazia la katikati ya chumba lina nafasi ya godoro moja upande wa pili. Wa tatu angelala wapi? Mama yangu kijijini alikuwa na uwanja, watoto walilala kwa bibi, walikula kwa shangazi, walichunga mbuzi. Mtoto wa kijijini analeta kuni. Wa mjini analeta barua ya michango ya shule.

#38 Abuu_Temeke
Dada umemaliza mada nzima kwa pazia.

#39 Mpiga_Kasia
Hajaimaliza, maana wapo wanaolala sita kwenye chumba hichohicho. Kwa nini yeye amesimama na jirani hajasimama?

#40 Dada_Kivule
Jirani alipata mimba ya kwanza akiwa kidato cha pili. Mimi nilimaliza cha nne. Sina jibu jingine.

#41 NesiMstaafu
Hilo linatosha kuwa jibu, mwanangu. Utafiti uleule wa 2022: kati ya mabinti wa miaka 15 hadi 19, asilimia 22 walikuwa wameshawahi kupata mimba. Hadi Novemba 2021 aliyejifungua hakuruhusiwa hata kurudi shule ya serikali. Na Sheria ya Ndoa ya 1971, ile iliyoruhusu binti aolewe na miaka 15, bado wanaivutana.

#42 Mzalendo_Kigogo
Mimi bado nasema nchi haijajaa.

#43 KondaMstaarabu
Nchi haijajaa. Gari limejaa. Sogeeni nyuma.

#44 FundiPindo
Wakuu nimerudi na mrejesho, na inabidi nijisahihishe.

Yule mama kaja leo kuchukua zile sare nne. Nikajikaza nikamwuliza. Kumbe waliotoka tumboni mwake ni watatu tu. Wawili ni wa dada yake, marehemu. Wawili ni wa shemeji yake wa Kisarawe, wameletwa mjini kwa sababu kule shule ni mbali. Mume dereva wa bajaji, ya mtu, analeta hesabu kila jioni. Kwa hiyo mfano wangu wa bandiko #1 ulikuwa na kasoro kuanzia mstari wa tatu.

#45 HesabuZaMtaa
Kwa hiyo mama wa watoto watatu, ambaye ni chini ya wastani wa mjini, ndiye tumemtumia wiki nzima kama ushahidi wa kuzaliana hovyo. Na mimi wa kwanza.

#46 MachoManne_Mikocheni
Lakini angalieni, hiyo nayo ni hoja. Akijinyima yeye akapata watatu, ukoo unamjazia nafasi. Faida ya kupanga uzazi ameigawa kwa ndugu.

#47 MtotoWaSaba
Au ndugu wamefanya alichofanya kaka yangu. Inategemea umesimama wapi kwenye foleni.

#48 NgedereWaPosta
Fundi, swali la msingi ambalo wasomi wamelikwepa: huyo wa tano umemshonea au hujamshonea?

#49 FundiPindo
Sijamshonea. Biashara ni biashara, kitambaa nakopa.

Ila zile sketi za wakubwa nimeziwekea pindo la inchi nne badala ya mbili, ndani ndani, hazionekani. Mkubwa akirefuka unashusha. Akishindwa kabisa, anayefuata unapandisha. Mama kalishika pindo, akalipima kwa vidole, akaniuliza kama litatosha mpaka kwa yule wa Kisarawe.

#50 Dada_Kivule
Sare pea moja elfu ishirini na mbili ndiyo bei ya mwisho? Nina wawili. Pindo na mimi nataka inchi nne.